Je, Wajua? Presha ya Mzee, Simu ya Mkononi na Kiharusi

Kila mwaka watu wapatao milioni 12 duniani hupatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza. Katika kila vifo 10 vinavyosababishwa na ugonjwa huu, zaidi ya 8 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo zetu. Umri unavyosonga, hatari nayo hupanda. Na siku hizi maduka ya mijini yamejaa mashine za presha, saa janja na programu za simu, kila kimoja kikiahidi kumlinda mzee. Vipo vinavyosaidia kweli, na vipo visivyostahili hata senti moja ya pensheni yake. Haya hapa ni mambo ambayo watafiti wameyapima, na ambayo kila mwenye mzazi mzee anafaa kuyajua.

Je, wajua kwamba kiharusi huua seli milioni 1.9 za ubongo kila dakika?

Hesabu hiyo ilipigwa mwaka 2006 na Dk. Jeffrey Saver wa Los Angeles. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo ukiziba, na mgonjwa asipopata tiba, seli za neva hufa kwa kasi hiyo. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, alteplase, iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa wagonjwa wa aina hii, na inatakiwa itolewe kabla hazijapita saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Ndiyo maana daktari wa mapokezi huanza na swali hili: "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Familia nyingi hubaki zikitazamana. Mdomo wa mzee ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yake yakianza kukorogeka, tazama saa kwenye simu na uiandike palepale, kisha tafuta usafiri na uwapigie hospitali wajue mnakuja. Kwa kazi hiyo kitochi na simu janja ni sawa. Usimpe aspirini nyumbani, kwa sababu viharusi vingine hutokana na mshipa kupasuka, na hapo dawa inayozuia damu kuganda inaweza kumzidishia madhara. Ni picha ya CT-scan inayotofautisha kiharusi kimoja na kingine.

Je, wajua kwamba dalili zikipotea zenyewe, hatari bado ipo?

Wapo wazee wanaopooza mkono kwa dakika kumi, kisha wanainuka na kuendelea na shughuli zao. Nyumbani watu humshukuru Mungu na habari inaishia hapo. Kumbe mara nyingi hicho ni kiharusi cha muda mfupi, na kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku mbili tatu. Utafiti uliofanyika Oxford, Uingereza, na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hii wakipimwa na kuanza dawa haraka, hatari ya kiharusi katika siku 90 zinazofuata hupungua kwa takribani asilimia 80. Hapa simu janja ina faida yake: sekunde ishirini za video zikionyesha uso uliopinda au mkono usioinuka zitamsaidia daktari, hata kama mzee atafika kwake akiwa amerudi katika hali ya kawaida. Ila usafiri usisubiri video.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam ilikutwa na viharusi karibu mara tatu ya Hai?

Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwafuatilia wakazi wa maeneo mawili: Hai, mkoani Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Walipokwisha kusawazisha tofauti za umri, Hai walipata viharusi vipya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Kiwango cha Hai kilifanana na cha nchi tajiri. Cha Dar es Salaam kilizidi kile kilichopatikana katika tafiti nyingi za nchi hizo.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010, na watafiti wenyewe walisisitiza kwamba watu wapimwe hukohuko wanakoishi, kabla hawajaugua. Neno lao lingali na uzito leo.

Je, wajua kwamba mambo 10 tu ndiyo chanzo cha viharusi 9 kati ya kila 10?

Utafiti mkubwa uitwao INTERSTROKE uliwalinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya katika nchi 32, na ripoti yake ya mwaka 2016 iliyataja mambo yenyewe: presha, kukaa bila kuushughulisha mwili, mafuta mabaya kwenye damu, lishe duni, kitambi, msongo wa mawazo, sigara, maradhi ya moyo, pombe na kisukari. Presha ndiyo iliyoongoza. Yote kumi yanaweza kuzuiwa, kupunguzwa au kutibiwa.

Presha nayo ina tabia ya kukaa kimya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo kubwa la damu, na karibu nusu yao hawajui kama wanalo. Kichwa hakiwaumi, macho hayawafifii. Atakayesubiri kusikia maumivu ndipo akapime, huenda kiharusi kikawa ndiyo dalili yake ya kwanza.

Je, wajua kwamba hata mwenye miaka 80 hunufaika na dawa za presha?

Mitaani husemwa sana kwamba presha ni ya uzee, mwache bibi apumzike. Utafiti uitwao HYVET uliijibu kauli hiyo. Uliwahusisha watu 3,845 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, kutoka Ulaya, China, Australia na nchi jirani zake, na Tunisia hapa Afrika. Wote walikuwa na presha ambayo namba yake ya juu ilianzia 160. Nusu walipewa dawa halisi, nusu vidonge visivyo na dawa. Utafiti ulikatizwa kabla ya muda wake, kwa kuwa waliotumia dawa walikuwa wakifa wachache zaidi: vifo vilipungua kwa asilimia 21, na viharusi kwa takribani asilimia 30. Ripoti ilitoka mwaka 2008.

Hesabu nyingine ya kukumbuka: mwaka 2016 wataalamu waliunganisha tafiti 123 wakaona kwamba kila namba ya juu inaposhushwa kwa milimita 10 za zebaki, hatari ya kiharusi hupungua kwa asilimia 27.

Kwetu pengo ni kubwa. Kule Hai walipimwa wazee zaidi ya 2,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na karibu 70 katika kila 100 walikutwa na presha. Waliokuwa wakijua ni wachache, waliokuwa kwenye dawa ni wachache zaidi, na ambao presha yao ilikuwa imetulia ni wa kuhesabika.

Je, wajua kwamba miongoni mwa wanyama wa kwanza kupimwa presha alikuwemo farasi?

Kasisi wa Uingereza, Stephen Hales, alichomeka mrija kwenye mshipa wa farasi akaona damu ikipanda ndani ya bomba la kioo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1733. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Turin, Italia, aliunda mkanda wa kufunga mkononi na kujaza hewa, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti anazosikiliza daktari kwa kifaa cha masikioni hewa inapotolewa.

Mashine ya betri unayoiona kwenye duka la dawa hufanya kazi kwa njia nyingine. Husikia mtikisiko wa mshipa ndani ya mkanda, kisha hupiga hesabu na kuandika namba kwenye kioo. Haihitaji sikio la mtaalamu. Lakini inahitaji utulivu, na hapo ndipo nyumba nyingi hukosea.

Je, wajua kwamba mzee akikaa vibaya presha yake inaweza kusomeka isivyo?

Picha yenyewe wengi wanaijua. Babu amerudi msikitini kwa miguu, au bibi ametoka kuinjika sufuria. Mjukuu ana haraka. Mkanda unafungwa juu ya mkono wa sweta, mzee kakaa kwenye kigoda, kakunja nne, na huku anamsimulia mjukuu habari za msibani. Mashine inavuta hewa, inalia, inaandika 168. Nyumba nzima inaingiwa na hofu.

Sasa rudia kwa utaratibu. Nusu saa kabla ya kupima, asinywe kahawa wala chai ya rangi, asivute sigara. Aende kwanza msalani, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha namba. Akae kwenye kiti chenye egemeo, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Atulie dakika tano. "Bibi, usiongee kwanza, tutazungumza tukimaliza," ndiyo kauli ya kumwambia. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, sehemu ya juu ya mkono, vidole viwili juu ya kiwiko. Mkono uwekwe mezani, ulingane na moyo. Na anayepima naye anyamaze.

Mkanda uenee mkono. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha mwaka 2023 kwamba mtu mwenye mkono mnene sana akifungwa mkanda wa kawaida, namba ya juu inaweza kuzidi kwa karibu milimita 20. Kosa la kiasi hicho linatosha kumwandikia mtu dawa asizohitaji.

Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa siku saba. Za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani wake. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na kuendelea huhesabiwa kuwa presha kubwa. Kipimo cha hospitali huanzia 140 kwa 90, kwani wengi presha huwapanda wakimwona tu daktari.

Je, wajua kwamba ujumbe mfupi wa simu uliweza kushusha presha?

Mwaka 2018 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,182 ambao presha yao ilikuwa imekataa kutulia, wastani wa umri wao ukiwa kama miaka 67. Waligawanywa makundi matatu. La kwanza liliendelea kwenda kliniki kama kawaida. La pili lilipima nyumbani na kumpelekea daktari daftari. La tatu lilipima nyumbani na kutuma namba kwa ujumbe wa simu. Baada ya mwaka mmoja, kundi la kliniki lilikuwa na wastani wa 140, la daftari 137, na la ujumbe wa simu 136.

Siri yake ni nyepesi kueleweka. Daktari aliyekuwa na namba za wiki nzima, zilizopimwa mzee akiwa ametulia kwake, aliziamini na kuongeza dawa pale ilipohitajika. Na angalia tena jinsi daftari lilivyokaribia simu: milimita moja tu iliwatenganisha. Kilichowafaa wagonjwa wa makundi yote mawili ni kwamba namba ilimfikia mtu mwenye uwezo wa kubadilisha dawa.

Je, wajua kwamba kamera ya simu iliwahi kuwaambia wagonjwa kuwa ni wazima?

Kati ya Juni 2014 na Julai 2015, programu moja iliyodai kupima presha bila mkanda iliuzwa kwa simu zisizopungua 148,000. Mtumiaji alibandika simu kifuani na kufunika kamera kwa kidole. Watafiti wa Johns Hopkins waliilinganisha na mashine halisi, na mwaka 2016 wakatoa majibu: kati ya watu waliokuwa na presha kubwa, karibu 8 katika kila 10 waliambiwa kwamba iko sawa. Mwaka huohuo mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji ilimchukulia hatua za kisheria mtengenezaji wake.

Mzee aliyeambiwa kwa uongo kwamba ni mzima anaweza kuwa na hatari kubwa kuliko ambaye hajapimwa, maana huyu wa kwanza anaweza kuacha dawa. Vifaa vingine vya kupima presha bila mkanda vimeendelea kutolewa tangu hapo, na mwaka 2023 Jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa presha ilishauri visitumike kugundua wala kuongoza tiba ya presha. Hadi sasa mashine ya kutegemea ni ile yenye mkanda wa mkono wa juu, iliyothibitishwa ubora wake.

Je, wajua kwamba taa ya kijani nyuma ya saa janja husoma damu?

Geuza saa janja usiku utaona nuru ya kijani ikimulika ngozi. Kila moyo unapopiga, damu hujaa kwenye mishipa midogo na kuinyonya nuru hiyo zaidi. Saa huhesabu mabadiliko hayo, na inaweza kugundua mapigo yanayokuja ovyo, bila mpangilio.

Hali hiyo hutokea pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kusukuma damu sawasawa. Damu hutuama, huganda, na donge likichomoka huweza kwenda hadi ubongoni. Mwenye tatizo hili ana hatari ya kiharusi mara tano ya mwenzake asiye nalo, na dawa za kuzuia damu isigande huipunguza kwa takribani theluthi mbili.

Katika utafiti wa saa za Apple uliochapishwa mwaka 2019, watu 419,297 walifuatiliwa. Waliopata tahadhari ya mapigo ovyo ni asilimia 0.52 tu, ila kwa wenye miaka 65 na zaidi ilifika asilimia 3.1. Saa nyingine huchukua hata kipimo cha umeme wa moyo kwa kuguswa na kidole. Mashine ya kwanza iliyofaa kwa kazi hiyo, iliyoundwa na Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Je, wajua kwamba kugundua zaidi hakukuleta viharusi vichache kama ilivyotarajiwa?

Denmark iliwachukua watu 6,004 wenye miaka 70 hadi 90, ikawawekea baadhi yao kifaa kidogo chini ya ngozi kinachofuatilia moyo usiku na mchana. Kifaa kiligundua mapigo ovyo karibu mara tatu ya wale waliohudumiwa kawaida. Hata hivyo, idadi ya viharusi haikutofautiana kwa kiasi cha kutosha kuthibitisha faida. Sweden nayo iliwahusisha wakazi zaidi ya 28,000 wenye umri wa miaka 75 na 76. Walioitikia mwito walipima moyo kwa vidole gumba mara mbili kwa siku, wiki mbili mfululizo. Faida ilipatikana, ila ndogo. Nchi zote mbili zilitoa matokeo mwaka 2021.

Huenda mapigo ovyo ya dakika chache, ambayo kifaa tu ndicho kinayaona, hayana makali sawa na yale yanayodumu. Kwa hiyo saa ikimpa mzee tahadhari, aende akapimwe umeme wa moyo hospitali. Asianze dawa kwa kuisikiliza saa, na asiziache kwa kuwa saa imenyamaza.

Kwetu kuna la kuongeza. Kule Hai, wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa umeme wa moyo, waliokutwa na tatizo hili hawakufika 1 katika kila 100. Marekani, kwa wenye miaka 80 na kuendelea, hukaribia 1 katika kila 10. Weka hilo kando ya wale 70 katika kila 100 wenye presha. Mtoto aliyeko Muscat au London anayetaka kumtumia mama yake zawadi ya kumkinga na kiharusi, na fedha yake inatosha kitu kimoja, amnunulie mashine ya presha yenye mkanda unaomwenea.

Je, wajua kwamba wenye hatari kubwa ndio wanaovaa vifaa hivi kwa uchache?

Takwimu za Marekani za miaka ya 2019 na 2020 zilionyesha kwamba asilimia 29 ya watu wazima walikuwa wakitumia saa au mikanda ya kufuatilia afya. Kati ya waliokwisha kuugua moyo au kiharusi, walikuwa asilimia 18 tu. Anayevaa zaidi ni kijana, msomi, mwenye kipato. Anayehitaji zaidi ni mzee mwenye dawa mezani.

Wazee si kwamba hawawezi. Uholanzi, Finland na Ufaransa ziliwapa watu 2,724 wenye miaka 65 na zaidi tovuti ya kuwasaidia kuboresha lishe, mazoezi na presha, na kila mmoja akawa na mshauri wa kumwandikia na kumtia moyo. Baada ya miezi 18 afya yao ilikuwa imepata nafuu, ingawa ndogo. Utafiti huo ulitoka mwaka 2019, na tangu mwanzo ulipangwa nyuma ya tovuti awepo mtu.

Je, wajua kwamba sauti kwenye simu ilifanikiwa kwa wazee wa vijijini?

Katika wilaya ya Nanhe, mkoa wa Hebei nchini China, vijiji 50 vyenye wagonjwa 1,299 waliowahi kupata kiharusi vilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Katika nusu ya vijiji, mganga wa kijiji alifundishwa, akapewa programu ya simu ya kumwongoza, na akawatembelea wagonjwa wake kila mwezi. Wagonjwa wenyewe hawakutakiwa kusoma chochote. Kila siku simu zao za kawaida ziliwaletea ujumbe wa sauti: kunywa dawa, tembea kidogo. Baada ya mwaka, namba yao ya juu ya presha ilishuka kwa milimita 2.8 zaidi ya wenzao, na waliopatwa tena na kiharusi walikuwa karibu nusu.

Mjini Cape Town wagonjwa wa presha 1,372 walijaribiwa kwa ujumbe wa maandishi. Namba ya juu ilishuka kwa milimita 2 hivi tu, kwa ripoti ya mwaka 2016. Na huko Kumasi, Ghana, jaribio dogo la wagonjwa 60 liliwapa nusu yao simu, mashine ya presha na ujumbe wa kuwatia moyo, huku muuguzi akizitazama namba zao na kuwafuatilia. Hilo liliweka msingi wa utafiti mkubwa zaidi.

Ukizipanga tafiti hizi, zinaonyesha njia moja. Ujumbe ukienda peke yake husaidia kidogo. Ukiwa na muuguzi au mganga anayemjua mgonjwa, husaidia zaidi.

Je, wajua kwamba Tanzania imekwisha kutuma ujumbe wa afya kwa simu tangu mwaka 2012?

Novemba mwaka huo ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, na wajawazito wakaanza kupokea bure, kwa Kiswahili, ujumbe wa kuwakumbusha kliniki na dalili za hatari. Ulifika hata kwenye simu ya tochi. Basi hakuna sababu ya mzee mwenye presha kukosa huduma ya namna hiyo, na kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma au asiyeona vizuri aipate. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, zahanati zipo, na simu imeingia hadi kwenye boma la mwisho. Kinachodaiwa ni kuviunganisha: mashine ya presha moja kwa kila mhudumu, ujumbe wa sauti kwa mzee, na muuguzi wa kituo anayewajibika kuzijibu namba zinazoletwa.

Wakati tukiidai huduma hiyo, familia inaweza kuanza yenyewe. Chagueni mtu mmoja wa nyumbani awe msimamizi wa presha ya mzee. Apime kwa utaratibu wiki moja kabla ya kila kliniki, aandike daftarini, alipige picha ukurasa huo na kuutuma kwa muuguzi au kwa ndugu anayempeleka mzee hospitali. Ahesabu vidonge vilivyobaki kabla havijaisha, kwa sababu dawa ya presha hunywewa hata siku mzee anapojisikia mzima. Na namba ya juu ikifika 180, au ya chini 120, asubiri dakika chache mzee akiwa ametulia, arudie kupima; ikibaki hapohapo awasiliane na kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama kuna dalili ya kiharusi, kifua kubana au pumzi kumkata, asirudie kupima. Ampeleke hospitali mara moja.